Nyuma ya Kabati

Jina lake Mugenyi, na mgeni ndiye:
alipanda kilima cha Boma na ngazi begani,
akavua buti mlangoni kabla sijamwambia.
Nikamuuliza empaako, maana kwetu Tooro
humkaribishi mtu kwa jina la cheti tu.
"Araali," akasema, akacheka mwenyewe.
Araali, jina la radi, wasemavyo wazee,
na leo radi imekuja na kalamu
kuona kama nyumba yangu inafaa bima ya radi.

Alianza juu. Mabati ya geji ishirini na nane,
misumari sita imelegea upande wa Rwenzori
mvua inakotokea.
Akagonga mbao za dari kwa mpini wa bisibisi,
sikio kalilaza, anatafuta mchwa.
Nimekuwa mkunga Buhinga miaka thelathini na mmoja;
namjua anayesikiliza
na anayejifanya kusikiliza.
Huyu alisikiliza.

Kisha maswali. Jiko la mkaa liko mbali gani na pazia?
Waya hizi nani alizifunga?
(Mpwa wangu. Nikasema fundi.)
Mtungi wa gesi? Mbwa? Komeo?
Nyumba ikiwa tupu, funguo hubaki kwa nani?
Kwa jirani Kabahenda, nikasema,
na fomu haikuwa na mstari wa Kabahenda.

Benki ndiyo iliyomtuma. Nataka mkopo
wa vyumba viwili vya wapangaji kule nyuma;
benki inataka bima, bima inataka macho.
Ndiyo maana jana usiku, mimi na mjukuu
tulisukuma kabati la vyombo hatua nne
mpaka likaufunika ukuta wa magharibi.

"Mama, tusogeze kabati?"
Lilikuwa swali, lakini mikono ilishashika.
Vikombe vikalia ndani.
Mjukuu akatazama vidole vyake vya miguu.

Ufa ulikuwepo. Ungekwenda wapi?
Toka kona ya dirisha hadi sakafuni,
ufa wa tetemeko la mwaka tisini na nne,
na kando yake penseli
niliyoizoea hata siisomi tena.

Mume wangu alikuwa polisi, mtu wa kambi;
hata kunitongoza alinitongoza kwa Kiswahili.
Usipoziba ufa, utajenga ukuta: aliusema sana,
akiwasemea wengine.
Yeye hakuziba, wala hakujenga. Alipima.
Kila Februari kistari na tarehe,
mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika taarifa za wizi.
Tisini na tano: umeongezeka.
Tisini na saba: umeongezeka kidogo.
Elfu mbili na moja: uko palepale.
Palepale. Palepale.
Mwaka aliougua, herufi zimeinama, lakini: palepale, milimita nne.

Mugenyi akapiga goti, akatoa rula.
"Milimita nne," akasema,
hakuwa ameusoma ukuta bado.
Kisha akausoma, toka juu, mstari kwa mstari,
akakaa kimya muda ambao fomu haikuuomba.
Akapiga picha tatu. Ya tatu, nadhani, ilikuwa yake.
Akaandika: ufa wa zamani, umetulia.

Halafu, kwa sauti ya mtu anayekumbusha deni,
akaniambia tetemeko halimo.
Moto umo, radi imo, wezi wamo,
bomba likipasuka limo.
Ardhi yenyewe, hapana.
"Sasa ufa ulikuwa unautafutia nini?"
Akainama kufunga kamba za buti.
"Fomu inauliza, Abwooli."

Barua ya bima haijafika.
Ile misumari sita nimeigongesha, na fundi
wa kweli ameziona waya, akatikisa kichwa,
akadai elfu themanini.
Kabati bado liko katikati ya chumba,
tunalizunguka kwenda mezani.
Mjukuu anauliza tulirudishe wapi.
Ngoja, namwambia.
Nitafutie penseli kwanza.